Binti yangu hana rafiki

SWALI: Binti yangu, miaka 22, ana ulemavu wa akili. Tangu atoke kitengo maalumu cha shule anashinda barazani peke yake. Nifanyeje?
Mama, Tanga

JIBU: Mama, shule ilimpa wenzake kila siku, ilipokwisha wakatawanyika. Wapita njia wanaomsalimu wapo, lakini salamu si urafiki. Mtafutie kazi yenye watu: achambue mchele na wenziwe kwenye shughuli za mtaa, au agawe vikombe kwaya ikimaliza mazoezi. Watu walewale, kila wiki. Anapenda mpira? Special Olympics, shirika la michezo lililoanza 1968, lina michezo inayochanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Mwulize mwalimu wake wa zamani kama ipo karibu nanyi. Na mgeni akimwuliza binti yako jambo, usimjibie. Subiri, hata akichelewa.