“Najishikiza Tu”: Haki za Mzazi Anayesaka Riziki Akiwa Nyumbani

Kwenye meza ya msaada wa kisheria, swali la tatu huwa ni kazi. Jina, umri, kazi. Mama aliyekaa mbele yangu siku ile, mtoto mgongoni, alijibu haraka: “Sina kazi. Niko tu nyumbani, najishikiza na cherehani.” Kisha akatoa kikapuni kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti, akalifungua katikati. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne za kalamu ya bluu: tarehe, idadi ya mashati, yaliyolipwa, yasiyolipwa. Miaka miwili mizima. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika mashati 124 na kuyapigia mstari mara mbili. Kwa Sh 1,500 kila shati, alikuwa anadai Sh 186,000.

Tajiri wake ana duka la sare za shule. Alikuwa akimletea vitambaa vimeshakatwa, uzi na vifungo. Yeye ndiye aliyepanga mzigo uwe tayari lini, na alimkataza kumshonea mtu mwingine. Siku moja akasema biashara imekuwa ngumu, kisha simu zikaacha kupokelewa. Mama alipomfuata dukani aliambiwa: “Wewe hujaajiriwa hapa, dada. Ulikuwa unasaidia tu.”

Hilo neno “unasaidia tu” limewanyima haki wazazi wengi kuliko wizi. Wanaokaa nyumbani na watoto huku mikono ikifanya kazi wamelizoea hata wao wenyewe wanalisema. Sheria hailisemi.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na haiangalii mkataba umeitwaje wala kama kuna karatasi yoyote. Anayemfanyia mtu kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kimojawapo tu cha vigezo hivyo kipo. Anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zake zinapangwa na mwingine? Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea kiuchumi? Amepewa zana au vifaa vya kazi? Anamfanyia mtu huyo mmoja peke yake? Kimoja kinatosha. Mama yule alikuwa na vinne au vitano. Kushonea sebuleni kwake badala ya dukani hakumo kabisa katika hesabu hiyo. Kinachofuata ni kwamba mzigo wa kuthibitisha unamhamia tajiri: yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kuwa huyu hakuwa mwajiriwa wake.

Mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayofahamika kwa herufi CMA. Unajaza fomu namba 1, nakala moja unampelekea unayemlalamikia, unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Wengi wanaumizwa na muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya ujira usiolipwa, yana siku 60. Mama wa mashati alikuja wiki ya sita, kwa sababu kwa wiki tano alikuwa anampa tajiri nafasi, anamwonea haya. Dai la ujira bado lilikuwa hai. Lile la kuachishwa kazi lilishapitwa na muda, ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Nawaomba wasomaji mlishike hili: kumstahi mtu si kosa, lakini siku zinahesabika huku unamstahi. Na sheria za kazi ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana za kwao.

Wapo wengine wasio na tajiri. Mama wa vitumbua, baba anayetengeneza simu barazani huku akiwaangalia wadogo, dada wa keki anayepokea oda kwa simu. Hawa ni wafanyabiashara, na kilio chao kikubwa ni wateja wasiolipa. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali nchini kwetu ilimradi kila upande umeridhia kwa hiari yake na jambo lenyewe ni halali. Kinachokosekana huwa ni ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani. Basi mteja akikuambia kwa mdomo kwamba atalipa Ijumaa, mwandikie jioni hiyohiyo: “Dada, umepokea keki ya kilo mbili ya Sh 60,000, umelipa 20,000, imebaki 40,000 ambayo umesema utaleta Ijumaa.” Akijibu “sawa mpendwa”, una karatasi. Usiufute ujumbe huo ili kupata nafasi ya picha. Dai la namna hii linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na hapo mlipofanyia biashara, na huhitaji wakili kulifungua.

Sasa kodi, maana hofu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) imewafanya wengi wafiche hata kile ambacho sheria imewaachia. Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi, mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Chukua kitumbua cha Sh 200. Ukiuza 60 kila siku kwa siku 300, mauzo yako ni Sh 3,600,000. Uko ndani ya msamaha. Angalia nimesema mauzo, sijasema faida, kwa hiyo hesabu kila shilingi iliyoingia kabla hujatoa mchele na mafuta.

Tuseme ukaongeza visheti vya harusi na mauzo yakafika Sh 5,500,000. Kwa viwango vilivyopitishwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Iliyozidi kwako ni 1,500,000, kodi ni Sh 45,000 kwa mwaka. Asiye na kumbukumbu, mwenye mauzo yaleyale, anatozwa Sh 100,000. Tofauti ni Sh 55,000, na kilichoileta ni daftari la Sh 3,000. Wanaotoa huduma za kitaalamu, kama ushauri au mafunzo, hawamo katika mpango huu, waulize TRA mapema. Namba ya mlipakodi (TIN) inatolewa bure, kwa hiyo anayekudai hela ya kukutafutia TIN anakuuzia kitu ambacho ni chako tayari. Na mgambo au afisa yeyote akikwambia kuna malipo ya serikali, dai kontroo namba na stakabadhi. Pesa ya serikali haipokelewi mkononi.

Mtaji ndio unaowapeleka watu kwenye mikopo ya kausha damu. Nimewaona wanaokopa laki moja Jumatatu na kuanza kurudisha Jumanne, kila siku elfu kadhaa, mpaka mtaji wenyewe unaliwa na rejesho. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na kanuni za 2019 ziliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni Sh 3,500 mwezi mzima. Kabla hujaweka saini, muulize leseni iko wapi na uisome. Programu za mikopo za kwenye simu nazo zinahitaji kibali: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Na mkopeshaji anayemtumia mama mkwe wako na mwalimu wa mtoto ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu anagusa eneo linalolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kudaiwa hakujamfanya awe na ruhusa ya kukuaibisha. Hifadhi ujumbe huo na uupeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Cherehani je? Hapa pananiuma, kwa sababu nimeshakaa na mtu aliyebebewa cherehani usiku na vijana wanne. Hata mahakama, ikishaamua kwamba unadaiwa na ikaagiza mali zako zikamatwe, haipaswi kugusa kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaweka pembeni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na zana za fundi. Kama mahakama yenyewe imewekewa mpaka huo, vijana wa mtaani waliokuja bila amri yoyote wana uwezo gani? Nenda polisi, kisha serikali ya mtaa ikuandikie barua ya kuthibitisha kilichotokea. Lakini ukiwa umeiandika cherehani mwenyewe kuwa dhamana ya mkopo, umeifungulia mlango mwingine. Usiiweke dhamana zana inayokulisha.

Kuna mkopo usio na riba, na watu wanaupita kila siku. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Anayeshughulikia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa.

Kuhusu ile “kazi rahisi ya nyumbani” inayokudai ada ya kujiunga, kisha inakulipa kwa kuleta wengine, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulipofungwa, maelfu ya watu waliokuwa “wamepanda mbegu”, yaani waliotoa fedha zao, walibaki hawana cha kuvuna. Upatu wa piramidi ni kosa la jinai. Mchezo wenu wa akina mama kumi mnaojuana na kupeana zamu ni jambo jingine. Tapeli wa ujumbe wa simu mpeleke kwa namba 15040.

Sasa nyumbani kwenyewe, ambako sheria inahitajika kuliko watu wanavyopenda kukiri. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: mama akianza kuuza, baba anaacha kuacha hela ya matumizi. “Si una biashara?” Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi kulingana na uwezo wake, na wajibu huo haufutiki kwa sababu mke ameanza kupika vitumbua. Mke anabeba wajibu wa kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujipatia riziki, kwa mfano kwa ugonjwa au ulemavu, huku mke akiwa na uwezo. Fedha aliyoichuma mke ni mali yake. Ana haki ileile ya mume ya kumiliki, kushika na kuuza mali.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwemo, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wakati huo mahakama zilikuwa hazikubaliani: je, kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango, na tangu hapo wanawake wengi wamepata mgao kwa msingi huo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba tayari alishapewa fedha na mumewe na akazitumia ovyo. Hiyo sehemu ya pili haisimuliwi sana, lakini inafundisha: mahakama inataka kujua fedha ilikwenda wapi. Anayeweza kuonyesha kwamba Juni ya mwaka fulani alitoa laki nne za mabati hushuka kizimbani akiwa na nguvu kuliko anayesema “nilisaidia kujenga”.

Na kiwanja. Mali iliyopatikana katika ndoa ikiandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja, mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina yote mawili, inadhani hisa zao ni sawa. Nimeona hati nyingi za mauziano zilizosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa: jina la baba kama mnunuzi, jina la mama chini kabisa kwenye mstari wa mashahidi, wakati nusu ya fedha ilitoka kwenye ndoo yake ya maandazi. Shahidi si mnunuzi. Mkifika pale, kabla mwenyekiti hajagonga muhuri, sema kwa upole: “Baba fulani, tuandikwe wote wawili kwenye nafasi ya mnunuzi.” Akikataa, tunza muamala wa simu ulioonyesha umetoa kiasi gani, na usisaini kitu ambacho hujasomewa.

Mama wa mashati aliondoka na fomu yake na nakala ya kila ukurasa wa kaunta buku. Daftari lenyewe nilimwambia abaki nalo, asimwachie mtu, hata mimi.