SOMO LA SOKO: Bolti ya robo inchi na mtaji wa muuza vipuri vya kamera

Kazi ya studio ya picha mara nyingi haisimami kwa sababu kamera yenyewe imekufa. Husimama kwa kitu kidogo: bolti ya sahani ya tripodi iliyopotea ukumbini, kibano cha mguu kilichovunjika, kifuniko cha lenzi kilichokanyagwa. Kwa mwenye studio wa Mbeya, kuagiza kipuri hicho Kariakoo ni kusubiri mzigo usafiri kilomita zaidi ya 800, na harusi ya Jumamosi haisubiri basi. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, wa Mbeya au Iringa, anaweza kupata riziki katika pengo hilo. Anaweza pia kupotezea mtaji humo humo asipojua vipimo.

Tundu lililo chini ya kamera, iwe ya filamu au ya kidijitali, halikuchongwa kwa milimita. Ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi, kipimo chenye asili katika viwango vya Mwingereza Joseph Whitworth vya mwaka 1841 na ambacho hadi leo kimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222. Tripodi kubwa na lenzi ndefu hutumia pia kipimo cha pili, tatu ya nane ya inchi (3/8), nyuzi 16. Maduka ya vipuri vya pikipiki, yanayofikika upesi kuliko mengine yote, huuza bolti za milimita.

Hapo ndipo hasara huanzia. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, kwa macho ni sawa na ya robo inchi. Kwa kuwa robo inchi ni milimita 6.35, bolti hiyo huingia bila ubishi, huzunguka mara moja au mbili, kisha hukaza. Mteja hudhani imeshika. Kumbe nyuzi zake zimeachana kwa milimita 1, na za kamera kwa milimita 1.27. Akilazimisha, anakata nyuzi za kamera; akiiacha ilivyo, kamera inaning'inia kwa uzi mmoja au miwili juu ya sakafu ya saruji.

Kuomba "robo inchi" peke yake hakutoshi. Bolti nyingi za robo inchi za Land Rover za zamani zina nyuzi nyembamba, 26 au 28 kwa inchi, na hazifai. Urefu nao una mpaka: Sony huonya katika vijitabu vya kamera zake nyingi kwamba skrubu ya tripodi iwe fupi kuliko milimita 5.5, maana ndefu zaidi hugusa chini ya tundu na kuharibu kamera. Muuzaji mwangalifu huweka juu ya meza nati moja ya robo inchi yenye nyuzi 20, akaijaribia kila bolti kabla ya kuiuza. Kipimo hicho hakimgharimu karibu chochote.

Bolti isipopatikana, huchongwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, lina vituo vya kuendeleza teknolojia Mbeya na Iringa, na mafundi binafsi wenye mashine za kukereza nao wapo. Ila mwenye duka asipeleke kazi ya bolti moja. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa kutayarisha mashine huchukua dakika 60 na kuchonga bolti moja dakika 10. Bolti moja imekula dakika 70. Bolti 20 zinakula dakika 260, yaani 13 kwa kila moja. Fundi hulipwa muda wake, hivyo oda ya pamoja ya studio kadhaa ndiyo yenye faida. Shaba nyeupe au chuma laini vinatosha. Chuma kigumu huweza kumaliza nyuzi za kamera.

Mfuko wa kuegemeza lenzi dirishani mwa gari ni bidhaa nyingine ya hapa hapa. Fundi cherehani hushona turubai, mnunuzi hujaza maharage mwenyewe, na watalii wanaopita Iringa kwenda Ruaha ni wateja wake. Betri na flashi ni habari tofauti. Betri ya lithiamu isiungwe kienyeji, na flashi huhifadhi umeme wa mamia ya volti hata ikiwa imezimwa. Anayefungua flashi bila ujuzi anacheza na roho yake.

Mtego mkubwa zaidi ni sahani za tripodi, kwa sababu ya Manfrotto mara nyingi haikai kwenye kichwa cha kampuni nyingine. Mwenye duka akinunua sahani 40 za aina moja kwa shilingi 10,000, ametoa 400,000. Akiuza 12 kwa 15,000 amerudisha 180,000, na 220,000 bado zimelala kwenye rafu. (Nayo ni mifano, si bei ya soko.) Nafuu ni kumuuzia mteja kibano kipya cha mtindo wa Arca-Swiss pamoja na sahani yake, akibadilishe mara moja. Mtindo huo, wenye upana wa takriban milimita 38, hutengenezwa na viwanda vingi, na sahani itakayopotea kesho haitahitaji kutafutwa kwa jina la kampuni.