Fungate ya Mashine

Yako maradhi yanayopita nyumbani kama mgeni, na yako yanayohamia. Figo zikishakufa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa juma, kwa muda wa saa nne hivi kila mara. Asipopandikizwa figo nyingine, hiyo ni safari ya maisha. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF katika kuilipia. Nauli ya kutoka Marafa hadi Malindi na siku ya kazi iliyopotea ni juu yenu.

Mwaka 1972 madaktari wawili wa Marekani, Reichsman na Levy, waliandika waliyoyaona kwa wagonjwa 25 katika miaka minne. Mwanzoni huja kipindi walichokiita fungate: uvimbe umepungua, pumzi imerudi, mgonjwa anashukuru. Kisha huja kuvunjika moyo, mara nyingi pale anapojaribu kurudia kazi yake. Baadaye ndipo huanza kuzoea, kwa kupanda na kushuka.

Mama, ndiyo maana mumeo aliyekuwa akicheka mwezi wa kwanza sasa anafoka kwa sababu ya chumvi. Hawezi kuigombeza mashine, wala nesi. Anakugombeza wewe.

Nawe, bila kujua, umekuwa askari wa kikombe. Joto letu la kaskazi lina kiu kali, lakini mgonjwa asiyepata mkojo hujaa maji mwilini. Madafu na mabuyu yana potasiamu nyingi, inayoweza kusimamisha moyo. Basi unachungulia, unamnyang'anya, unamsema mbele ya watoto. Jaribu hivi: asubuhi pima maji aliyoruhusiwa na daktari, umpe chupa aitunze mwenyewe. Ukikuta kaimaliza adhuhuri, nyamaza siku hiyo. Kesho pimeni pamoja.

La chumbani nalo tuliseme, maana wengi hulificha. Hamu na nguvu hupungua, kwa waume na kwa wake pia, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, uchovu, huzuni, na baadhi ya dawa za presha. Si dalili ya mwanamke wa nje, wala hakurogwa. Mwambieni daktari nyote wawili. Yako mengine yanayotibika. Kulala mmeshikana mikono si haramu kwa mgonjwa!

Akisema, "Sirudi tena kwenye mashine," usikimbilie kumkaripia. Muulize ni nini kilichomchosha, kisha uwaarifu wauguzi siku hiyo hiyo, kwani sumu na maji hujikusanya haraka. Huzuni nzito ni ugonjwa, nayo ina tiba yake.

Wewe pia unachoka. Shemeji au kijana mkubwa amsindikize siku moja ya juma.

Siku ya mashine akirudi, aachwe alale. Habari za karo na mbuzi wa kuuza zingoje kesho yake, lakini zisiamuliwe bila yeye.