Kupangisha kwa usiku: hesabu ya mwekezaji leseni inapofutwa

Nyumba inayopangishwa kwa mwezi na nyumba inayolaza wageni kwa usiku ni bidhaa moja katika masoko mawili tofauti. Ikiingia katika soko la wageni, hutoka katika soko la wapangaji wa kudumu. Hapo ndipo ulipoanzia mvutano kati ya wenye nyumba na halmashauri za miji mikubwa tangu kampuni ya Airbnb ilipoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008.

Airbnb haijengi nyumba. Huwakutanisha wenye nyumba na wasafiri kwa njia ya intaneti na kujipatia kamisheni. Hisa zake zilipoanza kuuzwa katika soko la Nasdaq Desemba 2020, bei ya kuanzia ilikuwa dola 68, na siku hiyo hiyo soko lilifungwa zikiwa zaidi ya dola 144. Mwekezaji mdogo anayenunua fleti badala ya hisa anabeba hatari ya aina nyingine.

Hesabu ya mwenye nyumba

Tuchukue mfano wa fleti inayoweza kupangishwa kwa Sh. 600,000 kwa mwezi. Ikilaza wageni kwa Sh. 50,000 kwa usiku, na baada ya kutoa kamisheni, usafi, ufuaji wa shuka, umeme na maji zikabaki Sh. 35,000, mwenye nyumba anahitaji wageni kwa usiku 18 ili asipungukiwe. Akipata usiku 22, atabakiwa na Sh. 770,000, yaani ziada ya Sh. 170,000 kwa mwezi.

Ikiwa vitanda, makochi na vyombo vilimgharimu Sh. 5,100,000, itamchukua miezi 30 kurudisha fedha hizo kutokana na ziada hiyo. Serikali ikipiga marufuku biashara hiyo katika mwezi wa 20, Sh. 1,700,000 zitakuwa hazijarudi, labda auze samani kwa bei ya mitumba.

Ugavi na kodi za pango

Wachumi Kyle Barron, Edward Kung na Davide Proserpio, katika utafiti wao kuhusu Marekani uliochapishwa mwaka 2021, walikuta kwamba nyumba zinazotangazwa Airbnb zikiongezeka kwa asilimia 1, kodi za pango hupanda kwa asilimia 0.018 na bei za nyumba kwa asilimia 0.026. Viwango hivyo ni vidogo, lakini idadi ya nyumba hizo ilikuwa ikikua kwa kasi kubwa.

Aidha, athari ilikuwa ndogo katika maeneo yenye wakazi wengi wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Mwenye nyumba anayeishi humo hukodisha chumba cha ziada ambacho hata hivyo hakikuwa sokoni. Asiyeishi humo huondoa nyumba nzima kutoka kwa wapangaji, na nyumba nyingine ya kujaza pengo haijengwi kwa wiki moja.

New York ilianza kutekeleza sheria kali Septemba 2023. Anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima ajiandikishe, awepo nyumbani na asipokee wageni zaidi ya 2. Nyumba zilizotangazwa kwa muda mfupi zilipungua sana, lakini kodi za pango hazikushuka. Uchunguzi wa jiji hilo wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nyumba za kupangisha zilizokuwa wazi zilikuwa asilimia 1.41 tu, kiwango cha chini kabisa tangu mwaka 1968. Nyumba chache zinazorudi sokoni haziwezi kuziba upungufu wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 8.

Barcelona na thamani ya leseni

Barcelona, Hispania, imekwenda mbali zaidi. Juni 2024 Meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa, na kwamba ifikapo Novemba 2028 zote zitakuwa zimekwisha. Sababu aliyoitoa ni kupanda kwa kodi za pango kwa asilimia 68 katika miaka 10. Machi 2025 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikataa pingamizi dhidi ya sheria ya jimbo la Catalonia inayotoa uwezo huo.

Aliyenunua fleti yenye leseni huko alilipia vitu viwili: nyumba, na kibali cha kulaza wageni. Nyumba itabaki. Kibali kitakwisha, na kodi ya mwezi huenda isitoshe kulipia mkopo uliopigiwa hesabu kwa mapato ya usiku.

Mambo ya kuangalia

Kabla ya kuweka fedha, mwekezaji ajiulize: leseni ni ya muda gani, na nani ana uwezo wa kuifuta? Gharama za samani zitarudi baada ya miezi mingapi? La msingi zaidi, je, kodi ya mwezi peke yake inatosha kulipia mkopo? Ikitosha, mapato ya wageni ni nyongeza. Isipotosha, mtaji wote umewekwa juu ya kibali ambacho mji wenye uhaba wa nyumba unaweza kukiondoa, hata kama kukiondoa hakutashusha kodi za pango.