Kurekebisha Mashine ya Randa kwa Kazi ya Mizinga

Mashamba mengi yaliyogawanywa katika skimu za makazi kuanzia miaka ya 1960 yana mistari ya migrevilea mipakani, na wakulima wengine hupasua miti yao wenyewe. Baadhi yao wamenunua mashine ndogo ya randa, ile ambayo ubao huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili ukiwa na unene mmoja. Somo hili ni juu ya kuirekebisha mashine hiyo. Tutachukua mfano wa kutengeneza papi za mzinga wa nyuki, maana katika kazi hiyo kosa dogo huonekana upesi.

Mzinga uitwao KTBH, uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970, una papi zinazolala juu yake zikigusana, na kila papi ni ya sega moja. Upana wa papi ni milimita 32, kwa sababu nyuki wetu huacha nafasi kama hiyo kutoka kati ya sega moja hadi kati ya sega la pili. Papi zikizidi au zikipungua, nyuki hawaangalii mpango wako; hujenga sega likashika papi mbili au tatu pamoja. Siku ya kuvuna utainua papi moja na masega yatapasuka, asali itamwagika, watoto wa nyuki watakufa, na nyuki wenye hasira watakutoa shambani. Mafundi wengine hukata kwa inchi moja na robo. Hiyo ni pungufu kwa robo ya milimita tu, lakini katika mzinga wa papi 28 upungufu hufika milimita 7, nao ni mlango wa kutosha kwa siafu.

Usipitishe papi fupi moja moja katika mashine. Chukua ubao wa unene wa milimita 38 au 40 na urefu wa mita 1 na sentimita 60, uupige randa mpaka unene uwe milimita 32, ndipo uupasue. Unene wa ubao sasa umekuwa upana wa papi, na kila ukanda hutoa papi tatu za sentimita 48. Sentimita chache zinazobaki kila ncha zitupwe, kwa kuwa hapo ndipo mashine hupenda kula zaidi.

Ubao uwe mkavu. Mbao mbichi ikipigwa randa leo kwa milimita 32 itanywea ikiisha kukauka, na kazi yako imepotea. Panga mbao kivulini, ukiweka vijiti kati yake ili upepo upite. Kujua kama zimekauka, pima kipande kimoja kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari.

Tena ni lazima kufahamu jambo moja ambalo wengi hawalifahamu: mashine hii hainyooshi ubao uliopinda. Rola zake hukandamiza ubao mezani, visu hukata, na ubao ukitoka hujikunja tena vilevile ulivyokuwa. Mashine hufuata upande wa chini. Kwa hiyo upande mmoja unyooshwe kwanza kwa randa ya mkono. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha ya ubao, uchungulie juu yake. Visipolingana, ubao umejipinda. Upande ulionyooka ndio ulale mezani.

Sasa tuje kwenye visu. Kabla ya kufungua kifuniko, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa mtoto au mgeni aweza kuiwasha huku vidole vyako vimo ndani. Mashine nyingine ndogo za siku hizi zina visu vyenye matundu ambavyo hukaa mahali pake bila kupimwa. Nyingine zina visu vilivyobanwa kwa kabari na bolti, na hivyo ndivyo vinavyohitaji uangalifu.

Tafuta kipande cha mti mgumu kilichonyooka, ukiweke mezani chini ya visu upande wa kushoto. Zungusha visu kwa kuvuta mkanda, si kwa kushika visu vyenyewe. Pandisha meza polepole mpaka kisu kikwaruze mti kidogo tu. Usiiguse meza tena. Hamisha kipande upande wa kulia ujaribu kisu kilekile, halafu ujaribu visu vingine kwa njia hiyo hiyo. Kisu kisichogusa kipandishwe, kinachong'ata kishushwe. Tofauti isizidi unene wa karatasi ya daftari, ambao ni karibu sehemu ya kumi ya milimita. Kaza bolti zote kidogo kidogo kwa zamu, kisha upime tena, maana kukaza huvuta kisu. Ukiisha kupima, pitia bolti zote mara ya pili kwa spana. Kisu kinachochomoka mashine ikienda huweza kuua mtu. Visu vinolewe vyote pamoja na vibadilishwe vyote pamoja, ili uzito uwe sawa na mashine isitetemeke.

Kwa jaribio la kwanza, rudisha vifuniko vyote, kisha pitisha vijiti viwili kwa wakati mmoja, kimoja kando ya kushoto na kimoja kando ya kulia, uvipime. Vikilingana, mashine iko sawa. Ikiwa cha kushoto ni chembamba na visu ulikwisha kuvipima kwa kipande kile, basi kitu kimesogea wakati wa kukaza; rudia. Lakini ikiwa visu vyote vimetoka sawasawa katika mti wake na bado upande mmoja huning'inia mbali na meza, kosa ni la meza yenyewe. Hapo rekebisha skrubu za meza, wala usipotoshe visu kufuata meza iliyoinama.

Mbao zikikwama, usikimbilie kukaza springi za rola. Mara nyingi ni utomvu tu, hasa ukipiga saiprasi. Mashine ikiwa imechomolewa, futa rola na meza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ukaushe vizuri, kisha paka meza nta ya mshumaa. Mota inayonguruma na kupata moto huenda haina ugonjwa wowote ila waya mrefu na mwembamba kutoka nyumbani. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi.

Katika kukata, milimita moja kwa kila mpito yatosha. Mistari ya mti, ukiitazama ubavuni mwa ubao, iwe inapanda kuja kwako unapoingiza. Uso ukichanika, geuza ubao kichwa kiwe mkia. Ukiisha kuusawazisha upande wa juu, ondoa kiasi kilichobaki kwa zamu pande zote mbili. Simama kando ya ubao, si nyuma yake, kwa kuwa mashine huweza kuurusha. Usivae glavu wala mikono ya shati iliyolegea, na usiiname kuchungulia mdomoni mwa mashine. Vaa miwani. Mbao za ua wa zamani zipitiwe kwa sumaku, kwani msumari mmoja huharibu visu vyote.

Kupima papi hakuhitaji chombo cha ghali. Panga papi kumi zikibanana, upime kwa futi ya chuma. Ziwe milimita 320. Zikiwa 323, rudisha ubao uliobaki mashinani kabla ya kupasua zaidi.

Maranda yanafaa kutandikia kuku, isipokuwa yale ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, ambayo yasiwekwe bandani wala kuchomwa jikoni.