KAMERA, KIBUYU NA JINA LAKE

 Nina jambo.

Jambo lenyewe ni picha. Likizo ikifika, kila mmoja wetu hupenda kusafiri na kurudi na picha za kuwaonyesha wenzake. Mwenye simu ya dada ataiazima, mwenye kaka mwenye kamera atambembeleza. Hakuna ubaya. Lakini nimegundua kwamba wengi wetu tunajua kubonyeza tu, hatujui kupiga picha. Tena tukifika penye sherehe, penye shanga na ngozi na vibuyu vilivyopambwa, ndipo tunapokosea zaidi. Leo nataka kuwapa somo la jinsi ya kupiga picha vitu vya sherehe vya mababu zetu. Mfano wangu ni kibuyu cha mursik, maana ndicho kilichonifunza, na kilinifunza kwa aibu.

Desemba iliyopita tulifunga safari kwenda Bomet kwa nyanya, mzaa mama. Binti wa mjomba alikuwa akiposwa, kwa hiyo palikuwa na koito, ile sherehe ambapo jamaa mbili hukutana na kuelewana juu ya mahari. Tulipanda matatu mjini Kericho asubuhi na mapema. Aijuaye njia ile anajua uzuri wake. Majani chai yametandazwa vilimani kama mkeka wa kijani kibichi, unapita Litein, unapita Kapkatet, ukifika Kaplong unakata kushoto kuelekea Bomet. Mimi nilikuwa na kamera ndogo ya kaka, ile isiyotumia filamu, nayo ilinifanya nijione mwandishi wa gazeti kabisa.

Kabla sijafika kwenye aibu yangu, hebu tukifahamu kibuyu chenyewe. Kwa Kikipsigis huitwa sotet. Hutokana na mmumunye, ule mmea unaotambaa wenye tunda gumu. Tunda likikomaa hukaushwa, hutobolewa mdomo, na mbegu hutolewa zote. Ndani husuguliwa kwa sosiot, kijiti kirefu kilichochanwa ncha kama ufagio, kisha hupakwa unga wa makaa ya mti uitwao senetwet. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, mdomo ukafungwa, yakakaa siku kadhaa. Hapo ndipo yanapokuwa mursik, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Wanariadha wetu wakirudi na medali, mnaona magazetini wakinyweshwa mursik palepale uwanja wa ndege.

Kibuyu cha kila siku hakina makuu. Lakini cha sherehe huvishwa kama bibi harusi. Huwekewa mkanda wa ngozi, kikashonewa shanga za rangi mbalimbali, na kauri nyeupe zikapangwa kwenye kifuniko. Hebu fikiria, ndugu msomaji, safari ya vitu hivyo. Kauri ni nyumba ya konokono wa Bahari Hindi, nasi huku kwetu hatuna bahari. Shanga za kioo zilitengenezwa Ulaya, pahali kama Venice na Bohemia, zikaletwa pwani yetu kwa meli, halafu misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19 ikazileta bara. Waswahili walizipa majina yao, zile nyekundu wakaziita samesame. Kwa hiyo kibuyu kimoja jikoni Bomet kimebeba bahari na bara, na wewe unakipiga picha kwa sekunde moja!

Sasa aibu yangu. Tulipofika kwa nyanya niliingia jikoni moja kwa moja. Vibuyu vitatu vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na kikubwa kilikuwa kimevaa shanga shingoni. Sikusalimu sawasawa, sikuuliza, niliinua kamera tu. Taa ya kamera ikawaka, pap! Nyanya aligeuka, akavua leso yake begani akakifunika kile kibuyu kikubwa. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Hata wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni, tukimenya viazi, mama ndiye aliyenisimulia. Kumbe zamani, kabla sijazaliwa, mgeni fulani alikuja kwenye harusi hapo nyumbani na kamera kubwa. Alipiga picha kibuyu hicho, akashukuru, akaenda zake. Baada ya muda mjomba alikiona kwenye kalenda iliyotundikwa dukani. Rangi zilikuwa nzuri ajabu, lakini chini ya picha paliandikwa kwamba hicho ni kibuyu cha Wamaasai. Nyanya, aliyekuwa akisikiliza, akadakia: "Nilikishona miezi miwili, mwaka alioolewa mama yako. Wamaasai ni majirani zetu, sina ugomvi nao. Lakini wewe mtu akikuita kwa jina la mtoto wa jirani, utaitika?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, nikazima kamera, na kesho yake nikaamka mapema kumsaidia kuosha vibuyu. Tulipomaliza nilimwomba ruhusa, safari hii kwa adabu. Akaniangalia, akasema, "Leta kalamu kwanza." Basi nikaandika. Nani alikishona, mwaka gani, wapi, kwa sherehe ipi, kila kitu kinaitwaje. Nilimwuliza kwa nini shanga nyeupe zimezunguka shingo. Akasema aliziweka kwa ajili ya maziwa, lakini mwenzake akishona ataniambia lake, nisije nikaandika kwamba Wakipsigis wote wamesema. Kisha yeye mwenyewe akakibeba kibuyu nje, akakiweka kwenye kigoda cha babu. Hapo ndipo nilipopiga picha.

Kutokana na hayo, na kutokana na picha nyingi nilizoharibu siku ya koito, haya ndiyo mafunzo yangu.

Kwanza, ruhusa. Omba kwa mwenye kitu, si kwa mtoto wake wala kwa mwenye gari lililokuleta. Ukikataliwa, kubali. Yapo pia mambo ambayo hata kuomba si adabu. Desemba ni mwezi wa vijana kwenda jandoni, na yanayofanyika huko hayana kamera. Ukiwa njiani ukawaona, rudisha kamera mfukoni upite. Si kila kinachoonekana ni cha kupigwa picha.

Pili, mwanga. Usiwashe taa ya kamera mbele ya shanga. Shanga ni kioo, na kioo hurudisha mwanga. Picha yangu ile ya jikoni ina doa jeupe katikati kama mwezi, na shanga hazionekani kabisa. Jua la saa sita nalo si rafiki, maana sisi tuko karibu na ikweta, linakaa juu ya utosi na kutia vivuli vikali. Piga asubuhi, au wakati wa mawingu mepesi, ambapo mwanga ni laini na rangi hutoka jinsi zilivyo. Na huku kwetu usingoje alasiri, maana ndipo mvua inapopenda kuja, wakati mwingine na mawe yake.

Tatu, angalia kilicho juu na kando. Siku ya koito wageni walikaa chini ya hema la buluu. Picha zote nilizopiga humo, watu wote na vibuyu vyote vimekuwa buluu kana kwamba tulikuwa chini ya maji! Hata ukuta uliopakwa rangi kali, au kichaka cha majani chai kilicho karibu sana, hutupa rangi yake juu ya kitu cheupe. Sogeza kitu mahali pa wazi, penye kivuli cha kawaida, kama chini ya ukingo wa paa.

Nne, kauri na shanga nyeupe. Kibuyu cha zamani huwa cheusi kwa moshi na mafuta, na kauri ni nyeupe pepe. Kamera huchanganyikiwa. Ikitafuta kuonyesha weusi, kauri zinaungua zinakuwa kama chokaa. Kwa hiyo ipimie mwanga kwenye kile cheupe. Kama ni simu, gusa kwenye kioo chake mahali penye kauri, utaona picha inapunguza mwangaza. Afadhali weusi upotee kidogo kuliko nakshi kupotea.

Tano, piga mara tatu. Picha moja ya kitu kizima, moja ya karibu hadi shanga zihesabike, na moja kikiwa mikononi mwa mwenyewe, ili mtu ajue ukubwa wake na kinavyoshikwa. Ukipiga ya karibu, egemeza viwiko kwenye kitu kigumu, usitetemeke.

Sita, na hili ndilo kubwa, jina. Andika siku hiyohiyo jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, aliyekitengeneza kama amekubali atajwe, mahali na mwaka. Usiseme utakumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha pia ni mali.

Pengine mwenzangu atasema, kwani jina lina kazi gani, si uzuri unaonekana? Acha nikupeleke mbali kidogo. Nchini Korea, mahekalu na majumba ya kifalme ya zamani yamepambwa kwa michoro inayoitwa dancheong. Rangi zake za msingi ni tano. Buluu ni ya mashariki, nyeupe ya magharibi, nyekundu ya kusini, nyeusi ya kaskazini, na manjano ya katikati. Mtalii asiyeuliza atapiga picha ya dari, aseme "rangi nzuri", arudi kwao. Aliyeuliza atarudi akijua kwamba dunia nzima na pande zake imo katika rangi zile. Sisi wenyewe tukitembelewa tunataka mgeni wa aina gani?

Hapa Kenya watu wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Joy Adamson, ambaye wengi tunamjua kwa kitabu cha simba jike Elsa cha 1960, alizunguka nchi akichora kwa rangi watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mapambo yao, na kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilitoka 1967. Mwaka wa 1999, Carol Beckwith na Angela Fisher walitoa juzuu mbili kubwa za picha za sherehe za Afrika. Hao wote walitoka nje. Si vibaya, lakini mimi najiuliza, sisi tulio na nyanya jikoni tunangoja nini?

Tena siku hizi sheria ipo. Mwaka wa 2016 Bunge letu lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Inataka jamii iombwe idhini kabla ya mtu wa nje kutumia sanaa yake, na jamii itajwe inavyostahili. Nilipomwambia nyanya habari hiyo, alicheka, akasema Bunge limechelewa, lakini karibu.

Nimalizie na funzo la saba, kurudisha. Likizo ya Aprili nilisafirisha ile picha ya kigoda kwenye studio ya mjini, nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino yote aliyoniambia, nikampelekea. Nyanya aliitazama mbele kidogo tu. Akaigeuza, akanipa, akasema, "Soma nyuma." Nikamsomea. Akaniambia nisome tena.

Ndipo aliponieleza kwamba macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kile kibuyu kina ufa chini ya mkanda, hakitafika miaka mingi, na hajapata wa kumshonea kingine. Nikachukua ile picha ya karibu, tukahesabu pamoja: safu ya nyeupe, safu ya nyekundu, nyeupe tena, shanga ngapi hadi kauri ya kwanza. Ingekuwa ile ya taa ya jikoni, tusingehesabu hata moja. Sasa ninajifunza. Safu yangu ya kwanza imepinda kama barabara ya mlimani, na nyanya ameniambia nifumue nianze upya. Nitafumua.

Shime basi, wanafunzi wenzangu. Likizo ijayo, kabla hujasafiri mbali, anza na jikoni kwenu. Piga hodi, chukua kalamu, kisha kamera. Na ukisharudi, lete picha yako pamoja na jina lake, tuibandike kwenye ubao wa Chama chetu.

Kwaherini ya kuonana. Kiswahili hoyee!