Cherehani ya Mkono Iliyoganda: Ifufue, Kisha Mpe Mtoto Azungushe

Nyumba nyingi zina cherehani ya zamani iliyosukumwa uvunguni au kupandishwa juu ya kabati, imefunikwa kipande cha kitenge. Aliyeishonea ameshatangulia mbele ya haki, au macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kila anayejaribu kuzungusha gurudumu hulikuta limeganda, basi huondoka akisema cherehani imekufa. Mara nyingi haijafa. Mafuta yaliyotiwa zamani yamekauka yakawa gundi, na gundi huyeyuka ukiipa dawa yake na muda wake. Kinachoziua cherehani hizi ni mikono yenye haraka inayolazimisha gurudumu kwa koleo.

Kuna sababu mbili za kuifufua. Ya kwanza ni mshono wake ulionyooka. Ya pili ni mtoto. Wengi wetu utotoni tulipika kwa vifuu na vikopo katika mchezo wa baba na mama, tukawashonea wanasesere nguo kwa mabaki tuliyookota chini ya meza ya fundi. Ng'ambo, kampuni ya Singer iliwatengenezea watoto cherehani ndogo ya chuma, Model 20, yenye mpini wa kuzungusha, na ilishona kwelikweli kwa uzi mmoja. Kwetu ni wachache walioiona. Lakini cherehani ya mkono ya ukubwa wa kawaida inaifanya kazi hiyo hiyo: mkono ukisimama nayo husimama, kwa hiyo mtoto ndiye anayeiongoza.

Kagua kwanza

Ufa mkubwa kwenye mwili wa chuma ni sababu ya kuiacha. Kutu ya juu juu si kitu. Kisha tazama bobini. Ikiwa ni ya duara na inaingia kwenye kijumba chake upande wa kushoto, huenda umepata cherehani ya aina ya Singer 15. Muundo huo ulianza mwaka 1879, ukaja kuigwa Japani na China. Butterfly ya Shanghai ni ya ukoo huo. Vipuri vyake bado vinapatikana kwa wauza vifaa vya mafundi. Ikiwa bobini ni nyembamba na ndefu, hakikisha ipo pamoja na kijumba chake kabla hujalipa, maana hizo ni adimu.

Soma pia namba iliyogongwa upande wa kulia wa kitako. Kwenye Singer, herufi mbili zinazoanza na E kwa kawaida huonyesha kwamba ilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Iandike namba hiyo. Itakusaidia unapotafuta kipuri.

Kama ina mota ya umeme yenye nyaya zilizopasuka mpira, usiichomeke. Ing'oe mota, kisha mwombe fundi akufungie mpini wa mkono.

Safisha kabla ya kulainisha

Toa sindano, bobini na kijumba chake, kisha fungua kibati cha chini ya sindano. Humo utakuta vumbi la nyuzi lililoshikana na mafuta. Liondoe kwa brashi ngumu na kijiti cha meno. Tazama pia nyuma ya gurudumu: uzi uliojisokota pale unatosha kuikaza cherehani nzima.

Sasa dondoshea mafuta ya taa kidogo katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Fanyia kazi hii nje, mbali na moto. Iache mpaka kesho yake. Asubuhi iweke juani ipate joto, kisha lishike gurudumu ulichezeshe taratibu mbele na nyuma. Likisogea hata kidogo, umeshinda. Ongeza matone, subiri, rudia. Lisiposogea, usigonge nyundo. Subiri siku nyingine.

Mafuta ya taa huyeyusha, hayalainishi. Chuma kikishalegea, yafute, kisha tia mafuta maalumu ya cherehani, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia yatarudisha gundi ile ile, na oili ya gari ni nzito mno.

Maua ya dhahabu yanataka adabu ya peke yake. Singer nyeusi za zamani zimepakwa vanishi ambayo spiriti huichubua na kuifanya nyeupe, na sabuni kali hula maua. Tumia pamba yenye mafuta ya cherehani, ufute polepole bila kusugua.

Matatizo yanayofanana na kifo

Gurudumu linazunguka lakini sindano haipandi: kaza kitufe kikubwa katikati ya gurudumu, kile kinacholegezwa wakati wa kujaza bobini. Kama kiliwahi kufunguliwa, washa yenye meno iliyo nyuma yake huenda ilirudishwa kinyume. Itoe, igeuze, ufunge tena.

Mshono unaruka: badilisha sindano kwanza. Cherehani za aina ya 15 hutumia sindano yenye ubapa upande mmoja wa shina. Ubapa hutazama upande wa ndoano inayokamata uzi. Uzi huingilia upande wenye mfereji mrefu. Namba 12 inafaa kanga, namba 14 kitenge, namba 16 jinsi.

Nyuzi zinajikunja chini ya kitambaa: kosa mara nyingi liko juu. Inua mguu wa cherehani ili visahani vya kukaza uzi vifunguke, upitishe pindo la kitambaa safi katikati yake kutoa uchafu, kisha tunga uzi upya. Marekebisho ya mkazo yafanye mguu ukiwa chini.

Pima nyuzi kwa rangi mbili

Kwanza zungusha bila uzi, juu ya karatasi. Matundu yakijipanga sawa, meno ya kusukuma kitambaa ni mazima. Kisha weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini. Mweupe ukichomoza juu ya kitambaa, uzi wa juu umekazwa mno. Mwekundu ukichomoza chini, umelegea. Kwa bobini, ning'iniza kijumba chake kwa uzi: kinatakiwa kitulie, na ukikitikisa kishuke kidogo. Kikiporomoka chenyewe, kaza skrubu yake ndogo robo mzunguko tu. Mshono wa kwanza upige kwenye matambara, ili mafuta yaliyozidi yaishie huko.

Zamu ya mtoto

Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuanza, mtu mzima akiwa pembeni. Mchoree mistari kwenye karatasi, sindano bila uzi, aifuate kwa matundu: mstari ulionyooka, kisha kona, kisha duara. Mfundishe kuweka vidole mbali na mguu wa cherehani, na kwenye kona asimamishe sindano ikiwa ndani ya karatasi kabla ya kugeuza. Mstari ukimnyookea, mpe uzi na mabaki ya kitambaa amshonee mwanasesere.

Ukibahatika kupata ile ndogo ya Model 20, isafishe kwa njia hizi hizi. Hiyo haina bobini. Mshono wake ni mnyororo wa uzi mmoja, na mwisho usipofungwa hufumuka wote. Zungusha mpini kwenda mbele tu.

Kazi ya kwanza iliyo kamili iwe doti ya kanga: mkate pamoja, umkunjie pindo, naye azungushe mpini mpaka mwisho wa upande. Hata pindo likipinda kidogo, lisifumuliwe. Kanga ivaliwe hivyo hivyo, na mtoto aambiwe mbele ya watu kwamba pindo ni lake, maana mwenye kazi iliyovaliwa ndiye atakayeitunza cherehani. Mwachie na kazi ya kuipangusa na kuitia tone la mafuta kila baada ya kushona.